Darasa la Kwanza: skuli ya kijijini, ya Chake au ya Unguja?

Swali: Assalaam alaykum. Ninaandika kutoka nje kidogo ya Wete, Pemba. Binti yangu ana miaka sita, anamaliza maandalizi mwaka huu kwenye kituo cha TuTu (Tucheze Tujifunze, watoto husomea kwa vipindi vya redio) hapa kijijini, na Januari ataingia Darasa la Kwanza. Skuli ya serikali tunaifikia kwa miguu, lakini mume wangu anasema watoto wamejaa mno na Kiingereza hakuna. Yeye anataka tumtie skuli ya binafsi ya Chake inayosomesha kwa Kiingereza. Gari yao huwachukua watoto saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuwarudisha saa kumi jioni. Dada yangu aliyeolewa Unguja naye anasema nimpe mtoto, atamsomesha mjini pamoja na wanawe. Mtoto mwenyewe ni mkimya, mzito wa kusema mbele za watu. Mume wangu ana mikarafuu, mimi ninashona. Tuna na mdogo wake wa miaka mitatu. Naogopa nisije nikamharibia mwanangu. Nichague ipi?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Naanza na jibu lenyewe ili usisome mpaka chini roho iko juu. Unguja asiende sasa. Baina ya skuli ya kijijini na ile ya Chake, msikate shauri mpaka muwe mmeingia Darasa la Kwanza la kila moja mkakaa humo kipindi kizima. Mkiona mwalimu wa kijijini anajua kumsomesha mtoto kusoma, mtieni kijijini, hata kama majengo ya Chake yamependeza zaidi. Mkiona hajui, au darasa limejaa kiasi kwamba hawezi kumfikia kila mtoto, basi Chake ifikiriwe, kwa masharti nitakayoyataja. Hakuna skuli isiyo na kasoro, na mchagua nazi hupata koroma. Mnachotafuta ni mahali ambapo mtoto huyu, mwenye tabia hii, atajua kusoma ndani ya miaka miwili ya mwanzo bila kuichukia skuli.

Nimekaa miaka mingi kwenye madarasa ya chini, kwanza nikisomesha mwenyewe, baadaye nikiwafunza wanaosomesha, na jambo ninaloliona kila mahali ni wazazi kuchagua jina. Skuli fulani imetoa madaktari, fulani inafaulisha. Jina hilo limejengwa na wanafunzi wa Kidato cha Nne. Binti yako atakabidhiwa mwalimu mmoja wa Darasa la Kwanza, na pengine ndani ya skuli hiyo hiyo darasa la 1A likawa linasoma na la 1B likawa linaimba tu. Kwa hiyo ukifika skuli usiulize kwanza kuhusu kompyuta wala sare. Uliza mwakani nani atasomesha Darasa la Kwanza, na uombe kumuona akiwa kazini.

Kiswahili ni rahisi kusomeka. Herufi inasomwa vile vile kila inapokuja, na mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, na jinsi sauti zinavyoungana, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ndiyo maana mtoto mzima wa afya, mwenye mwalimu anayejua kazi, hutarajiwa kusoma maneno mafupi kabla Darasa la Kwanza halijesha, na kusoma kifungu kifupi akakuelezea kimesema nini anapomaliza la Pili. Baada ya hapo masomo yote yanakuja kwa maandishi. Asiyejua kusoma akifika la Tatu, hisabati nayo inampita, kwa sababu swali lenyewe limeandikwa. Mtoto mtundu akikwama atapiga kelele, atafukuzwa nje, utaitwa skuli, utajua. Mtoto mkimya hukaa ananakili ubao, hamsumbui mtu, na anapanda darasa kila mwaka. Hao ndio ninaowaogopea zaidi, na wako mmoja wao.

Sasa mtaingiaje mkaona? Nendeni asubuhi ya siku ya kawaida, si siku ya mitihani, mkamuone mwalimu mkuu na kumuomba kwa adabu. Nendeni wote wawili, wewe na baba yake, maana mkienda mmoja mmoja mtarudi na skuli mbili tofauti vichwani. Mwalimu mkuu mwema hatawanyima. Anaweza kusema leo haiwezekani, njooni Jumatano, hilo halina neno. Anayekataa kabisa mzazi asione darasa amekwisha kukupa jibu.

Mkikaa ndani, ombeni kuona madaftari matatu: la mtoto anayekaa mbele, la wa katikati na la wa nyuma kabisa. Tazameni ukurasa mmoja mmoja. Daftari lililojaa sentensi moja iliyonakiliwa mara kumi, "Mama anapika wali, Mama anapika wali", lenye mwandiko safi na tiki nyekundu kila ukurasa, hulifurahia jicho, lakini lisome. Mara nyingi utakuta mstari wa tano mtoto ameandika "Mama anapka wli" na tiki iko pale pale. Mwalimu amepitisha kalamu, hakusoma, na mtoto naye hakusoma alichoandika, alikuwa anachora. Daftari unalolitaka lina makosa yaliyosahihishwa, na chini yake mtoto amerudia neno moja tu lile lililomshinda. Lina pia sentensi ambazo hazifanani na za jirani yake. Mmoja ameandika babu ana ngalawa, mwingine ameandika kuku wetu kafa. Mwalimu anayemuacha mtoto aandike la kwake, likatoka limepinda, kisha akakaa naye kulinyoosha, huyo ni mwalimu. Mkimpata, hata kama yuko chini ya bati linalovuja, msimuache.

Lipo na jaribio jingine. Chukua kitabu chao, muombe mtoto mmoja akusomee. Wengi watakisoma vizuri mno, kwa sauti ya kupanda na kushuka, maana wamekisikia mpaka kimeingia kichwani. Ukishamsikiliza, ifunike picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, kisha neno la mwisho, kisha rudi la mwanzo. Halafu muandikie kwenye karatasi neno ambalo halimo kitabuni: kasa, tumba, kikapu. Mtoto anayesoma atatazama karatasi, atatafuna silabi polepole, atafika. Mtoto anayekariri atakutazama wewe usoni. Kuhifadhi kuna mahali pake na thawabu zake, na watoto wetu wanakuja skuli wakiwa hodari wa kuhifadhi. Lakini hata chuoni, kwenye Kurani, mwalimu mzuri humrudisha mtoto kwenye irabu, herufi kwa herufi, hamuachii sura aliyoisikia tu. Skuli nayo iwe hivyo hivyo. Jaribio hili mfanyie na binti yako leo jioni, bila kumkemea, upate kujua vile vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze na walezi wake wa kituoni wamemfikisha wapi. Akizijua herufi na sauti zake anaanza na mtaji mzuri, wala usimdharau kwa kuwa alisomea chini ya banda la kijiji.

Nije kwenye Kiingereza, maana hapo mume wako ana hoja na ninamheshimu kwa kuiona. Sekondari kwetu inasomeshwa kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiteremsha lugha hiyo mpaka Darasa la Tano kwa hisabati na sayansi. Mtaala umekuwa ukifanyiwa mabadiliko, kwa hiyo muulizeni mwalimu mkuu skuli yake inaanza darasa la ngapi na kwa masomo yapi. Watoto wengi hodari wamekwama Kidato cha Kwanza kwa lugha tu, si kwa akili. Baba anayeliona hilo tangu sasa anampenda mwanawe.

Ila tusichanganye kusomeshwa Kiingereza na kusomeshwa kila kitu kwa Kiingereza na mtu ambaye naye lugha ameiazima. Herufi za Kiingereza zinadanganya. Herufi moja ina sauti tatu nne, na nyengine imeandikwa lakini haitamkwi kabisa. Mtoto wa miaka sita anayeanza kusoma kwa lugha ambayo haisikii nyumbani, wala kwa bibi yake, wala barazani, anabebeshwa mizigo miwili: kujua kwamba maandishi ni sauti, na kujua sauti zile zina maana gani. Anayeanza kwa Kiswahili ana mzigo mmoja. Akishautua, Kiingereza kinapokuja anachojifunza ni lugha mpya tu, kusoma anakujua tayari. Huo ndio msimamo wangu, na ninausema kwa wazazi wa mjini pia.

Hata hivyo zipo skuli za Kiingereza zinazofanya kazi nzuri, na ya Chake huenda ni mojawapo. Namna ya kuijua ni hii. Mkiingia darasani watoto watasimama na kukusalimieni kwa Kiingereza kwa sauti moja. Hiyo ni salamu iliyohifadhiwa, isiwapumbaze. Muombeni mwalimu amuulize mtoto mmoja, mwenyewe, amekula nini asubuhi au nani kamleta skuli. Akijibu, hata kwa maneno mawili yaliyovunjika, lugha inaingia. Darasa likimjibia, au mtoto akarudia lile swali kama lilivyo, bado. Msikilizeni na mwalimu anapoeleza kitu kigumu: ana maneno ya kukizungusha mtoto akaelewa, au anasoma kitabuni na kuendelea? Na ulizeni kama Kiswahili kina vipindi vyake vya kusoma na kuandika. Skuli inayomuadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama yake mimi sipeleki mtoto, na kwa huyu wako mzito wa kusema itamfunga mdomo moja kwa moja.

Kuhusu wingi wa watoto, usiende kwa kusikia. Idadi ya watoto 45 kwa darasa ndiyo inayotajwa kuwa kipimo, na skuli za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni Unguja na Pemba lengo lake ni hilo, na pia kuondoa mikondo miwili, wengine kuingia asubuhi na wengine mchana. Kwenye daftari la mahudhurio hutaona yote. Hesabu vichwa. Uliza Darasa la Kwanza linaingia mkondo gani, kwani mtoto mdogo anayeanza masomo mchana, jua kali, keshacheza asubuhi nzima, hufika amechoka. Wakiwa wengi, tazama mwalimu anafanya nini na wingi huo. Nimeona darasa kubwa lililogawiwa makundi kwenye majamvi, kundi moja na mwalimu, mengine yana kazi mikononi, likasoma kuliko darasa la watoto ishirini lililokaa kimya likisubiri ubao ujae. Na kwa mtoto wako uliza tangu mapema kama atakaa mbele.

Saa za gari ya Chake zimenishughulisha kuliko yote uliyoyaandika. Mtoto wa miaka sita anahitaji kulala saa tisa mpaka kumi na mbili kwa siku. Gari ikimchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, lazima aamshwe saa kumi na moja. Ili atimize hizo tisa za chini kabisa, awe amelala saa mbili usiku, yaani mara tu baada ya Isha, kila siku, pawe na wageni pasiwe na wageni. Akirudi saa kumi chuo cha alasiri kimekwenda zake, au atakwenda akisinzia. Atafika nyumbani amechoka, hana hamu ya kukuhadithia chochote, na mtoto mkimya hadithi zake za skuli ndiyo dirisha lako pekee. Mkishaona kuwa nyumba yenu inaweza kuishi kwa saa hizo, vizuri. Lakini msiseme atazoea. Atazoea kusinzia.

Kama mtaelekea Chake, basi ipande hiyo gari wewe mwenyewe asubuhi moja, uende nayo na urudi nayo. Uone kila mtoto ana kiti au wamepakatana. Uone kama yupo mtu mzima mwengine asiyekuwa dereva, na awe mwanamke kwa watoto wadogo wa kike. Uone mtoto anateremshwa upande gani wa barabara na anakabidhiwa nani. Uliza gari ikiharibika njiani masika nani anawapigia simu wazazi. Na mtoto anayeondoka alfajiri hana nafasi ya kula vizuri, kwa hiyo uliza pia wanakula nini saa nne, maana kipande cha bofulo na chai ya rangi hakimfikishi mtu saa kumi jioni.

Fedha nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayovunja mipango mingi. Nyinyi mnategemea karafuu, na unajua kuliko mimi kwamba mkarafuu mwaka huu huzaa ukainama, mwaka wa pili ukakutazama tu. Ada haina mwaka wa kupumzika. Kaeni na kalamu muhesabu ada, gari, sare, vitabu, chakula na michango ya mahafali, mpaka mwisho wa msingi, kisha muongeze mdogo wake, ambaye baada ya miaka mitatu naye atadai haki ile ile. Hesabu hiyo iweze kulipika kwa cherehani yako na mwaka mbovu wa karafuu. Isipolipika, mtoto atakuwa anarudishwa nyumbani kwa ada, na mtoto mwenye haya akitolewa mbele ya wenzake mara moja tu, hilo halisahau. Skuli za serikali elimu ilitangazwa kuwa bila malipo tangu tarehe 23 Septemba 1964, na gharama zinazobaki ni za sare, madaftari na mkoba. Sehemu ya fedha ambayo mngeilipa Chake inaweza kununua vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya kutosha, na baadaye kumlipa mtu mzuri wa kumsomesha Kiingereza wakati wa likizo. Sharti moja tu kwa upande wa kijijini: msimu ukifika asitolewe skuli kwenda kuokota mpeta, zile karafuu zilizoanguka chini. Ahadi hiyo mchukue kutoka kwa baba yake sasa hivi, kabla karafuu hazijaiva.

Matokeo ya mitihani msiyapuuze, ila myasome kwa uangalifu. Baraza la Mitihani la Zanzibar ndilo linalotunga mitihani ya Darasa la Nne, wa kumaliza msingi na Kidato cha Pili. Mtihani wa Kidato cha Nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, ambalo huyaweka matokeo wazi skuli kwa skuli, na hapo mtu anaona wangapi wamepata Divisheni I, yaani pointi 7 mpaka 17, na wangapi wamepata sifuri. Swali ambalo karatasi hailijibu ni wangapi waliingia na wangapi waliofika mtihani. Skuli inayowapokea watoto arubaini Darasa la Kwanza na kuwafikisha kumi na tano, wengine "wamehama", inaweza kujisifu imefaulisha wote. Muulizeni mwalimu mkuu wale wengine wamekwenda wapi, na msikilize anavyojibu. Hali kadhalika skuli za vipawa maalum na za michepuo, matokeo yake mazuri yanaanzia kwenye kuchaguliwa: zimepokea watoto waliokwisha faulu. Nzuri ndiyo, lakini zimepewa mbegu teule. Nayo habari hiyo iwape moyo, kwani mtoto wa skuli ya serikali ya kijijini akifaulu vizuri njia hiyo iko wazi kwake.

Sasa dada yako. Najua ni jambo zito kumkatalia, na sisi ni watu wa kuleana. Wengi waliosoma visiwani humu wamesoma kwa shangazi, kwa ami, kwa mama mdogo, na nia yake sina shaka nayo. Ninachokitazama ni umri. Mtoto wa miaka sita akihamishwa skuli na nyumba kwa siku moja, hana pa kushika. Akishindwa na herufi, nani atamuona? Kwenye nyumba ya watoto wengi, mgeni mkimya huwa mwepesi wa kutumwa. Anajua kuosha vyombo, hasemi kachoka, mwaka unakwisha na daftari lake hakuna aliyelifungua, na hakuna aliyekusudia ubaya. Ukimpigia simu atasema mzima, kwani dada yako yuko pembeni. Kwenda kumuona ni kushuka Mkoani, kupanda boti na kulala, na hilo hutalifanya kila mwezi.

Na kuna lililo gumu zaidi, ambalo lazima nikuambie kwa sababu ni la usalama wa mtoto wa kike. Wanaowadhuru watoto aghlabu ni watu wanaowajua, walio ndani ya nyumba au karibu nayo. Simtuhumu mtu yeyote wa nyumba ya dada yako. Nasema kila mtoto anayelazwa nje ya macho ya mama yake lazima ijulikane analala chumba gani, na nani, nani anamkogesha, nani anampeleka skuli na chuoni, na nani hufika nyumbani wakati wakubwa hawapo. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kukuambia jambo. Wa miaka sita, tena mzito wa kusema, hawezi. Hata akibaki nyumbani, mfunze majina ya viungo vyake na kwamba hakuna siri baina yake na mtu mzima usiyotakiwa kuijua wewe. Wewe mwenyewe ijue namba 116, ni simu ya bure ya kusaidia watoto, inafika na huku kwetu.

Mwambie dada yako hivi: "Nimeshukuru, dada, na likizo atakuja kwako akae na wenziwe. Akifika sekondari tutalizungumza upya." Wakati huo atakuwa anajua kusoma, anajua kusema anapoonewa, na kama itakuwa ni dahalia au nyumba ya mama yake mdogo, ataingia akiwa na sauti yake.

Huu uzito wake wa kusema nao uangaliwe kabla ya Januari. Muite kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida, wakati anacheza. Kama mara nyingi hageuki, au anakaa karibu mno na redio, au akikutazama mdomo ndipo anapoelewa, mpeleke Hospitali ya Wete apimwe masikio, na macho wayatazame hapo hapo. Huenda ni haya tu, na watoto wa haya hufunguka. Lakini kama ni usikivu, skuli ijue siku ya kwanza. Wizara ina kitengo cha elimu mjumuisho, na mwalimu mkuu ndiye wa kumuuliza nani kwenye skuli yake au ya jirani amepata mafunzo ya kumsaidia mtoto wa namna hiyo.

Mkiwa skuli, ingia chooni. Usione haya. Tazama kama kuna maji, kama mlango wa wasichana una komeo, kama kiko mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kwenda peke yake bila hofu. Mtoto asiyeweza kusema mbele za watu hawezi kuomba ruhusa, atajizuia mpaka itamtoka, wenzake watamcheka, na asubuhi ya pili ataamka na tumbo linamuuma. Nimeona skuli ikimshinda mtoto kwa sababu hiyo tu, herufi zote akiwa anazijua. Mfanyishe mazoezi nyumbani ya kunyanyua mkono na kusema, "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Muombe mwalimu mkae naye dakika chache kabla masomo hayajaanza, wewe, yeye na mtoto, aijue sauti yake. Muulize pia mtoto akikosea anafanywa nini. Walimu wengi wamekwisha kusomeshwa adhabu mbadala. Akikwambia kwa fahari kwamba kwake hapo bakora haijalala, fikiri tena.

Mkishakata shauri, msingoje Januari. Kama hana cheti cha kuzaliwa, au kina jina lililokosewa, nendeni sasa kwenye ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii hapo Wete. Jina lililoandikwa vibaya Darasa la Kwanza humfuata mtoto mpaka kwenye vyeti vya mitihani.

Akishaanza, kila Ijumaa fungua daftari lake umuombe akusomee alichoandika wiki hiyo, dakika kumi, asiharakishwe. Ikifika mwezi wa Juni awe anaunganisha silabi mwenyewe. Kama haungi, nenda kwa mwalimu wake ukiwa na daftari mkononi, umuulize anakwama wapi na wewe nyumbani umsaidie nini. Likija Disemba na hali ni ile ile, na mwalimu hana la kukwambia, chukua barua ya uhamisho mumtafutie mwalimu mwengine, hata kama ni wa darasa la jirani hapo hapo skuli. Usikubali kuambiwa atachanganya akifika la Nne.